Aiskrimu ya Magamba na Afisa Wanyamapori

Kila ninapowasimulia wanafunzi wa Kidato cha Tatu habari za Erasto Mpemba, Mtanzania ambaye akiwa shuleni aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale ya baridi, swali la kwanza kuulizwa huwa halihusu maziwa wala barafu. Huuliza alikuja kuwa nani. Wanatamani kusikia kwamba yule kijana aliyechekwa darasani alikuja kuwa profesa wa fizikia, ikiwezekana huko ng'ambo, na kwamba mwalimu aliyemdhihaki aliishi vya kutosha kuona aibu. Ninapowaambia kwamba alisomea usimamizi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, na kufanya kazi serikalini katika idara ya wanyamapori, darasa zima hupoa. Mmoja aliwahi kuniuliza kwa sauti ya mtu aliyepunjwa, "Sasa mwalimu, ile fizikia ilimsaidia nini?"

Swali hilo limenikaa kichwani kwa sababu, mbali na kufundisha, huwa naitwa kukaa katika kamati za usaili wa walimu na mafundi sanifu wa maabara, na huko nasikia hadithi za maisha zilizonyooka kupita kiasi. Kila msailiwa aliipenda sayansi tangu utotoni. Kila mmoja alikutana na tukio moja, ama ugonjwa wa bibi, ama redio iliyofunguliwa ikashindikana kufungwa, na siku hiyohiyo akajua atakuwa nani maishani. Siwalaumu, maana ndivyo wanavyofundishwa kujieleza, na sisi tulio kwenye kamati ndio tunaotikisa vichwa kwa kuridhika. Hadithi ya Mpemba, ambayo tunayo kwa maneno yake mwenyewe, haikunyooka namna hiyo, na ndiyo maana naona inastahili kusimuliwa kwa urefu.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe hadi yakaribie joto la chumba, ndipo wakayatia kwenye friji upande wa kugandishia. Tatizo lilikuwa nafasi: wavulana walikuwa wengi, trei za barafu zilikuwa chache, na aliyechelewa alikosa. Siku moja, Mpemba akiwa bado anachemsha maziwa yake, mwenzake mmoja ambaye naye alikuwa amenunua maziwa alihofia kukosa nafasi, akayakoroga yake na sukari bila kuyachemsha kabisa, akakimbilia friji na kuyamimina kwenye trei. Mpemba akapiga hesabu ya haraka. Akisubiri maziwa yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa; akiyaweka ya moto, anaweza kuliharibu friji la shule. Akaamua heri liharibike. Baada ya saa moja na nusu hivi walirudi wote wawili kutazama, wakakuta trei yake imeganda na kuwa aiskrimu, na ya mwenzake ingali rojo zito.

Hakuna mahali popote katika kisa hiki ambapo kijana anatamani kuwa mwanasayansi. Kuna foleni, kuna uroho wa vitu vitamu ambao kila aliyesoma bweni anaujua, na kuna uamuzi wa sekunde chache uliofanywa na mtu ambaye hakutaka kuzidiwa ujanja. Nikiwa mwalimu wa fizikia, nikitazama trei zile mbili naona pia jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Bila yule mwenzake mwenye pupa kusingekuwa na ugunduzi. Maziwa ya moto yangeganda peke yake ndani ya friji, Mpemba angekula aiskrimu yake akaenda kulala, na asingejua kama imewahi au imechelewa. Yule mwingine ndiye aliyeweka kitu cha kulinganishia, katika friji lilelile na kwa wakati uleule. Jina lake halitajwi popote nilipowahi kusoma kisa hiki. (Ni kweli kwamba jaribio lenyewe halikuwa la haki, kwa kuwa maziwa ya mmoja yalichemshwa na ya mwenzake hayakuchemshwa, kwa hiyo hayakutofautiana joto tu. Mwanafunzi wangu akiniletea jaribio la namna hiyo ninamkata alama.)

Mpemba alimuuliza mwalimu wake wa fizikia kwa nini imekuwa hivyo, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akakubali. Naipenda sana hatua hii ya kukubali, kwa sababu wasimuliaji wanaotaka shujaa huiruka, wakamfanya kijana huyo asimame imara tangu siku ya kwanza. Hakusimama imara. Aliamini alichoambiwa na mtu aliyejua zaidi yake, kama ambavyo sote tungefanya, na suala hilo lingeishia hapo kama asingekutana wakati wa likizo na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Rafiki huyo alimwambia kwamba yeye huweka maziwa yakiwa bado ya moto, kwa sababu ndivyo yanavyoganda upesi. Kwa mfanyabiashara huyo halikuwa fumbo hata kidogo, ilikuwa namna ya kuokoa muda na kuwahi wateja. Mpemba alirudi shuleni akiwa na shahidi, na shahidi huyo hakutoka kwenye kitabu.

Baada ya Kidato cha Nne alichaguliwa kwenda Mkwawa, Iringa, shule ambayo wakati wa ukoloni ilikuwa ya watoto wa Kizungu na ambayo majengo yake leo ni ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Huko walipofika kwenye mada ya joto na sheria ya Newton ya kupoa, inayosema kwamba kasi ya kitu kupoa hutegemea tofauti ya joto kati yake na mazingira, alilirudia swali lake. Mwalimu akamjibu kama yule wa kwanza, kwamba amechanganyikiwa. Alipozidi kubishana, mwalimu akahitimisha kwa kusema kwamba hiyo basi ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Kuanzia hapo darasa zima lilipata usemi. Akikosea hesabu ya logarithimu, mwalimu na wanafunzi walisema hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Aliyepitia shule za bweni anajua uzito wa jambo hilo. Dhihaka ya mwalimu haiishi kengele ikilia. Inakufuata bwalo la chakula, inakufuata uwanjani, na wenzako huitumia hata wasipokuwa na nia mbaya. Mpemba hakujibu kwa hotuba. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi na hakuna mwalimu, akachukua bika mbili ndogo za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziingiza kwenye friji la maabara. Aliporudi baada ya saa moja, zote zilikuwa zimeanza kuganda, ila barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile iliyowekewa maji ya moto. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ugunduzi ulipoanza kweli. Kule Magamba alikuwa mlaji aliyebahatika. Huku Mkwawa alikuwa mtu aliyetafuta vyombo viwili vinavyofanana na kuuliza jambo moja kwa makusudi.

Kisha akaja mgeni. Dakta Denis Osborne, Mwingereza aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alialikwa Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Walipopewa nafasi ya kuuliza maswali, Mpemba alisimama. Ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji kiasi kilekile, kimoja kikiwa na joto la nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Osborne alitabasamu, akamwomba arudie swali, kisha akamuuliza kama ni kweli na kama amelifanya jaribio hilo mwenyewe. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akakiri kwamba hajui jibu, akaahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam.

Wanafunzi wenzake walimkasirikia. Walimwambia amewaaibisha, kwamba nia yake ilikuwa kumuuliza mgeni swali asiloweza kulijibu, na mmoja akataka kujua kama aliielewa vizuri ile sura ya sheria ya Newton. Mara nyingi nimewaza kuhusu hasira hiyo. Tumezoea kusema kwamba walimu ndio wanaoua maswali ya watoto, lakini katika kisa hiki umati wa wenzake ulikuwa mkali kuliko mwalimu, na ulikuwa mkali kwa jina la heshima. Mgeni haulizwi swali la kumkwamisha. Hayo ni malezi ya nyumbani kwetu, na yana wema wake. Sijui kijana wa miaka ile alipata wapi uthubutu wa kuyavunja mbele ya shule nzima, ila nadhani kukejeliwa muda mrefu kulikuwa kumempunguzia cha kupoteza.

Osborne alitimiza ahadi yake. Alimwagiza fundi sanifu wa maabara ya chuo alifanye jaribio, na fundi akarudi na taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba hata hivyo watalirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Sentensi hiyo ya fundi huwa naisimulia kwa walimu wapya, nao hucheka, kisha hunyamaza wakikumbuka namna wanavyowaelekeza watoto kujaza majedwali ya vitendo. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba maji yaliyoanza kwenye nyuzi 25 ndiyo yaliyochukua muda mrefu zaidi kuanza kuganda, na yale yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yaliwahi kwa mbali.

Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Uingereza la Physics Education. Namna makala hiyo ilivyoandikwa ndiyo sababu ya mimi kuandika haya yote. Haianzi na nadharia wala jedwali. Inaanza na Mpemba akijitambulisha kwa jina na kusema kwamba atawaeleza wasomaji ugunduzi wake, uliotokana na kulitumia friji vibaya. Halafu anasimulia: maziwa ya akina mama, mwenzake aliyekimbia, trei ya mwisho, mwalimu wa kwanza, muuza aiskrimu wa Tanga, mwalimu wa pili, logarithimu, maabara isiyo na mtu, kejeli za wenzake. Baada ya hapo ndipo Osborne anapoandika sehemu yake, yenye vipimo na mjadala. Osborne angeweza kufanya kama walivyofanya wasomi wengi kabla na baada yake, yaani kuchukua swali, kulitengenezea jaribio lenye hadhi, kisha kumshukuru mwanafunzi fulani wa sekondari katika mstari mdogo mwishoni. Badala yake alimwachia nafasi ya mbele na sauti yake.

Na matokeo ya uamuzi huo yanapimika. Jambo lenyewe halikuwa jipya. Aristotle aliliandika, Francis Bacon aliliandika, na Descartes vilevile. Mwaka uleule wa 1969 George Kell wa Kanada alichapisha makala kuhusu jambo hilohilo bila kujua lolote kuhusu Mkwawa. Hata hivyo, duniani kote jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba. Wapo wanaosema ni bahati tu. Mimi naamini jina lilishika kwa sababu msomaji wa makala ile hawezi kumsahau kijana mwenye trei, na hawezi kumsahau kwa sababu aliachwa ajieleze. Ile kejeli ya kuambatanisha jina lake na kosa, waliyoizusha darasani Iringa, imekuwa istilahi ya maabara za dunia.

Sasa nirudi kwenye kazi. Makala ilipochapishwa, Mpemba alikuwa tayari mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1963, mwaka uleule wa aiskrimu ya Magamba, wakati nchi changa ilipohitaji upesi Waafrika wa kusimamia mbuga zilizokuwa mikononi mwa maofisa wa kikoloni. Miaka miwili kabla yake Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Azimio la Arusha la mwaka 1961 kuhusu wanyamapori, ambalo watu hulichanganya na lile la mwaka 1967. Kijana wa sayansi aliyemaliza Kidato cha Sita katika miaka hiyo hakwenda popote roho yake ilipopenda. Alikwenda ambako nafasi na mahitaji ya nchi vilikutana. Mpemba akawa afisa wanyamapori, na utumishi wake wa miaka mingi ulikuwa huko, siyo kwenye maabara ya joto.

Osborne naye hakubaki kwenye fizikia. Aliiacha kazi ya ualimu wa chuo kikuu, akaingia katika utumishi wa serikali ya nchi yake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa Balozi wa Uingereza nchini Malawi. Kwa hiyo watu wawili ambao majina yao yamefungamana milele na swali moja la fizikia, mmoja aliishia kulinda wanyama na mwingine aliishia kwenye diplomasia. Ukiwaambia wajaze kile kisanduku cha fomu za maombi kinachouliza ni tukio gani lililokufanya uchague taaluma hii, wote wawili wangekwama.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mwanafunzi wangu aliyeuliza ilimsaidia nini. Swali lake linadai kwamba tukio la maisha lilipe kwa fedha ya taaluma, la sivyo limepotea bure, na dai hilo ndilo lililojaa katika semina za kuwatia vijana moyo, katika hotuba za mahafali na katika barua za maombi ya kazi. Tukio linaweza kumuumba mtu kwa namna ambayo haionekani kwenye cheo chake. Mpemba aliyeingia Mweka alikuwa mtu aliyekwisha kujua, kwa ushahidi wa macho yake, kwamba wakubwa wawili wenye elimu wanaweza kukosea jambo ambalo muuza aiskrimu analijua. Sihitaji kuambiwa kwamba alikuja kuwa profesa ili niamini kwamba elimu hiyo alikwenda nayo kazini.

Upande wa sayansi, mabishano hayajaisha, na sitayakalia sana. Wengine wanasema ni uvukizi, ingawa Osborne alipolipima hilo aliona uvukizi pekee hautoshi kulieleza. Wengine wanataja gesi zilizoyeyuka kwenye maji, mzunguko wa maji ndani ya chombo, au maji kupoa chini ya kiwango cha kuganda bila kuganda. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza iliitisha shindano la kupata maelezo bora, yakaja zaidi ya 22,000 kutoka kila pembe ya dunia, na Mpemba mwenyewe, akiwa mtu mzima sasa, ndiye aliyemtangaza mshindi, Nikola Bregović wa Kroatia. Mwaka 2016 watafiti wawili wa vyuo vya Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha kazi iliyotilia shaka kama athari hiyo ipo kweli katika maji ya kawaida, wakionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kuleta matokeo ya kupotosha. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada wakaionyesha waziwazi, lakini katika chembe ndogo ndani ya maji, wala si katika maji yanayoganda. Wanafunzi wangu hukasirika kidogo wakisikia kwamba baada ya miaka yote hii hatuna jibu moja. Mimi hufurahi kwamba somo moja kwenye silabasi lina mlango ulio wazi, na kwamba mlango huo ulifunguliwa Lushoto.

Kwenye usaili nimeanza kuuliza kwa namna nyingine. Sisemi tena "tueleze kuhusu wewe", kwa kuwa swali hilo huitisha ile hadithi iliyonyooka. Namwomba msailiwa anisimulie jambo moja aliloliona kazini au shuleni ambalo halikwenda kama alivyofundishwa, na nani alikuwepo. Wengi hunyamaza kwanza. Halafu wanaanza kutaja vitu: mizani ya maabara iliyokuwa ikipotosha kipimo kila umeme ukirudi, mlinzi wa shule aliyejua kuliko wao ni bomba gani lina maji ya chumvi, mtoto aliyepata jibu tofauti na darasa zima na baadaye ikaonekana kipimajoto cha wenzake ndicho kibovu. Mwenyekiti mmoja wa kamati alilalamika kwamba majibu ya namna hiyo ni magumu kuyapangia alama. Ana haki ya kulalamika. Fomu ya alama ilitengenezwa kwa ajili ya majibu mengine.

Darasani pia nimebadilisha kitu kidogo. Ripoti ya vitendo wanaiandika mara mbili. Ya kwanza ni ya mtihani wa taifa, yenye lengo, vifaa, hatua, jedwali na hitimisho, na hiyo sina mamlaka ya kuigusa. Ya pili ni yangu, na humo wanatakiwa waseme nani alishika saa, kwa nini kundi la nyuma lilichelewa kuanza, maji yalitoka wapi, na ni namba gani waliyotaka kuifuta wakaogopa. Wiki iliyopita binti mmoja aliandika kwamba barafu waliyonunua dukani kwa ajili ya jaribio ilikuwa na chumvi, na kwamba mwenye duka alipoulizwa alisema huitia makusudi ili wateja wa soda wasiimalizie kutafuna. Nimemwandikia pembeni kwamba sijui kama maelezo hayo ni ya kweli, na kwamba Jumatatu apime ni kwa nyuzi ngapi inayeyuka.